Kuwaka Si Kusema Kweli

Saa iliyokufa haimdhuru mtu. Ukiiona ukutani imesimama saa nne na robo ilhali jua liko utosini, unajua papo hapo kuwa imekufa. Unamwuliza jirani, maisha yanaendelea. Saa ya kuogopa ni ile inayotembea, taa zake zinawaka, inamjibu kila anayeiuliza, na kumbe inadanganya. Ndiyo maana kati ya mafundi wote wa vifaa vya umeme, ninayemvulia kofia ni yule anayeweza kufufua seva ya saa, mashine ambayo kazi yake yote ni kuziambia kompyuta nyingine kwamba sasa hivi ni saa ngapi.

Ukiiona huwezi kuitilia maanani. Ni kisanduku chembamba cha bati, nyuma kina tundu la antena, tundu la waya wa mtandao, na kwa zile za zamani, tundu la pini tisa ambalo vijana wa leo hawalijui. Kinasikiliza setilaiti za GPS zilizobeba saa za atomu, kilomita 20,200 juu ya vichwa vyetu, kisha kinagawa saa hiyo chini. Minara ya simu inaitegemea, na gridi ya umeme vilevile. Hitilafu ikitokea kwenye njia ya msongo mkubwa, kila kituo huandika muda wa tukio. Saa zisipolingana, wahandisi watabishana hadi usiku kuhusu wapi palianza. Mkoa wa Morogoro, wenye bwawa la Kidatu linalofua umeme tangu 1975, una sababu ya kulijali hilo kuliko mikoa mingi.

Mkuyuni, katika mkoa huohuo, si mahali ambapo mtu angekwenda kutafuta ufundi wa namna hii. Iko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwenye barabara itokayo Bigwa kwenda Matombo na Kisaki, na msafiri anaikumbuka kwa ndizi, mafenesi na mvua. Lakini palipo na simu pana fundi simu, na fundi simu wa kijijini ameshafanya mara nyingi lile ambalo ofisi kubwa hulilipia mtaalamu kutoka mbali: ameshachukua kifaa kilichokufa katikati ya kuandikiwa programu mpya, akakirudisha. Mtaani wanaita kuflashi. Jina dogo kwa kazi kubwa.

Seva niliyoiona ikifunguliwa kwenye kibanda cha huko ilitoka ofisi moja ya mjini, ambako ilikwisha kuandikwa "mbovu" kwenye karatasi. Ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa uzee. Mfumo wa GPS ulianza kuhesabu wiki tarehe 6 Januari 1980, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha wiki 1,024 tu, yaani miaka kumi na tisa na nusu na ushei. Ikijaa, inarudi sifuri. Ilirudi usiku wa kuamkia 22 Agosti 1999, ikarudi tena usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019, na mashine isiyofundishwa jambo hili huamka asubuhi ikiamini imerejea miongo miwili nyuma. Dawa yake ni programu mpya ya ndani. Ofisini wakaipata, wakaanza kuiandika, na umeme ukakatika katikati. Kuanzia hapo ilibaki taa moja nyekundu na mlio wa feni.

Fundi asiye na subira angekimbilia kulehemu. Huyu alianza na mita, akapima kama bodi inapata volti zake zote, maana kapasita za zamani huvimba na kumlaumu mwingine. Umeme ulikuwa sawa. Akachomeka waya kwenye lile tundu la pini tisa, akaifungua laptopu, akawasha, akasikiliza. Katika kila mashine ya aina hii kuna kipande kidogo cha programu kinachoamka kwanza na kuwaamsha wengine. Kikiwa hai, unaweza kuzungumza nacho kwa waya huo na kukikabidhi programu nzima upya. Hiki kilitapika herufi chache zisizosomeka, kikanyamaza. Basi ikabidi aiendee chipu yenyewe, mdudu mweusi wa miguu minane, aibane kwa kibanio na kuisoma moja kwa moja.

Nasema kuisoma, na hapa ndipo sifa zangu zilipo. Programu nzima ya kiwandani alikuwa nayo kwenye laptopu. Angeweza kufuta na kuandika, kazi ya dakika chache, na wengi hufanya hivyo. Yeye alinakili kwanza uchafu wote uliokuwamo, akaunakili mara ya pili, akalinganisha nakala mbili hadi zikafanana, kwa sababu kibanio kilicholegea husoma uongo bila kukuambia. Kwa nini uhifadhi uchafu? Kwa sababu ndani yake mna vitu ambavyo hakuna kiwanda kitakachokupa: namba ya mashine, anwani yake ya mtandao, na vipimo vya kristali yake inayopiga mapigo ya saa, vilivyochukuliwa siku ilipozaliwa. Kila kristali ina tabia yake, hii huenda haraka kwa kiasi hiki, ile huchelewa kwa kiasi kile. Futa vipimo hivyo, na utakuwa umeirudishia mashine uhai ukiinyima kumbukumbu. Akavitafuta katika nakala, akaviona vimesalimika, akaviunganisha na programu mpya, ndipo akaandika.

Taa ikawa ya kijani.

"Fundi, imewaka, nifungie niwahi gari," akasema kijana aliyeileta.

"Subiri, mdogo wangu. Kuwaka imewaka. Kusema kweli bado."

Yaliyofuata yalichukua muda mrefu kuliko matengenezo yenyewe. Antena ilihitaji mbingu, na Mkuyuni mlima umekula kipande cha mbingu upande wa magharibi, minazi na mifenesi inakula kingine. Mashine hizi zinahitaji setilaiti nne ili kujua zilipo. Zikishajua na kutulia mahali pamoja, hata moja inatosha kuzipa saa. Kwa hiyo iliachwa itulie. Halafu kuna sekunde za ziada. Saa ya GPS iko mbele ya saa rasmi ya dunia kwa sekunde 18 tangu 1 Januari 2017, na setilaiti hutangaza tofauti hiyo ndani ya ujumbe unaochukua dakika kumi na mbili na nusu kumalizika. Mpaka mashine iupokee, inakisia kwa inachokumbuka, na ya zamani hukumbuka namba ya zamani. Aliyeondoka na gari la kwanza angeweza kuondoka na seva iliyokosea sekunde kadhaa huku taa ikiwa ya kijani kibichi.

Asubuhi fundi alisema ni saa mbili. Simu yake iliandika 08:00, na mashine iliandika 05:00. Zote zilikuwa sahihi: seva huhesabu saa ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele yake, zile sita nyingine ni zetu wenyewe, tunaoanza kuihesabu siku jua linapochomoza. (Wakati wa ukoloni Nairobi iliwahi kuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Nawahurumia mafundi wa zama hizo.) Mwaka nao ulikuwa sahihi, na ndio alioukagua kwanza.

Kisha akaiuliza saa za mbali kupitia mtandao wa simu. Lugha wanayotumia mashine hizi kuulizana ilibuniwa na David Mills, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na maelezo yake yalichapishwa 1985. Anayeuliza huandika muda wa kutuma, anayejibu huandika muda wa kupokea na wa kurudisha, na muuliza huandika muda wa kupata jibu. Kutokana na namba hizo nne safari hukatwa nusu na saa ya kweli hukisiwa. Hesabu inasimama ikiwa njia ya kwenda inalingana na ya kurudi, jambo ambalo mtandao wa simu wa milimani haukuahidi. Fundi alilijua hilo, kwa hiyo majibu ya mbali aliyatumia kutafuta kosa la sekunde tu. Madogo zaidi aliiachia antena. Mills alizaliwa na ugonjwa wa macho, uzeeni akapofuka, akafariki Januari 2024. Aliyeipa intaneti saa, mwishowe hakuweza kuisoma saa ya ukutani.

Jaribio la mwisho nililipenda kuliko yote. Alichomoa antena makusudi, akaiacha seva ilale na kristali yake tu, ile inayotunzwa ndani ya kijumba chenye joto lisilobadilika. Kulipokucha akairudisha, akatazama imepotoka kiasi gani. Vipimo alivyovihangaikia kwenye nakala chafu ndivyo vilivyojibu. Ndipo alipochukua bisibisi akafunga kava.

Malipo yake yalikuwa madogo kuliko bei ya antena peke yake. Naona ni dhuluma, na naona wanaoandika "mbovu" kwenye karatasi ndio wanaoilea.

Tarehe 7 Februari 2036 kihesabu cha sekunde cha Mills, kilichoanzia 1 Januari 1900, kitajaa. Usiku wa kuamkia 21 Novemba 2038 wiki za GPS zitarudi sifuri tena. Mwenye mashine hizi aanze sasa: atafute programu yake ya mwisho kabla kiwanda hakijaiondoa, anakili chipu ingali nzima, na siku ya kuandika programu mpya asiiamini soketi ya ukutani. Aweke betri.