Kishada na Ahadi ya Fundi

Ukitaka kuijua kazi ya sindano, ndugu msomaji, usianze na ua linalong'ara kifuani. Anza mwisho wake: pale kigwe kinapoingia katika nguo, na pale kishada kinapokazwa shingo. Ua humpendeza kila mpita njia, lakini fundo halionwi ila na mwenye kuigeuza nguo.

Haya nayasema kwa sababu ya kanzu niliyomnunulia mpwa wangu kwa ajili ya Idi, katika duka moja lisilo mbali na Forodhani. Muuzaji aliniapia kuwa darizi ya kola na kishada chake ni kazi ya mkono. Kijana aliivaa kwenda kusali, na kabla hajarudi nyumbani kishada kilikuwa mfukoni mwake. Nilipokitazama sikuona fundo wala mshono. Palikuwa na tone la gundi tu.

Kishada kwetu si kitu kigeni. Waomani hukining'iniza kwenye kola ya kanzu, kifupi, wakakitia manukato; watu wa Falme za Kiarabu hukirefusha hadi kifuani. Kukitengeneza kwataka subira kuliko mali. Uzi huzungushwa mara nyingi juu ya kipande cha kadibodi, hufungwa juu, kisha shingo hukazwa kwa uzi mwingine ambao ncha yake hurudishwa ndani kwa sindano. Ndipo chini hukatwa sawasawa. Kigwe nacho, nyuzi zake husokotwa upande mmoja mpaka zikaze, kisha hukunjwa katikati na kuachwa zijisokote kwa kurudi upande wa pili. Misokoto hiyo hushindana, na kushindana kwake ndiko kunakokipa kigwe nguvu. Mwisho ncha hupitishwa ndani ya nguo zikashonwa kwa nyuma. Gundi haiwezi kazi hiyo: hukakamaa, na nguo ikifuliwa huachia.

Basi ukipita mtaa wa Gizenga, nyuma ya Ngome Kongwe, pima hivi. Kivute kishada taratibu, kisha geuza nguo utazame ndani. Na kofia ya viua vivyo hivyo: iliyoshonwa kwa mkono, kila kiua kimezungushiwa uzi wake, wala hakifanani kabisa na mwenzake.

Sisemi kuwa kazi ya mashine ni haramu. Ikiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake ni riziki ya halali, na wengi wetu hatuna uwezo wa kununua nyingine. Kosa liko katika jina. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta chini kimerowa. Akamwuliza mwenyewe kwa nini hakukiweka juu kile kilichorowa ili watu wakione, na akamtoa mwenye kughushi katika watu wake. Gundi iliyofichwa chini ya kishada ni mfano wa chakula kile.

Lakini tusimlaumu muuzaji peke yake. Mama anayeshona kofia nyumbani huweza kukaa nayo wiki nyingi, hata miezi. Sisi tukimwendea twataka atupunguzie, tena twaitaka kabla ya Idi. Atapunguza wapi? Ua hawezi, kwani twaliona. Atapunguza fundo. Na binti aliyeketi ubavuni pake ajifunze, atajifunza kuwa fundo halilipwi. Akishika hilo, ufundi utamfia mama yake mikononi.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 92, wenye kuvunja viapo wamefananishwa na mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti. Neno "kazi ya mkono" nalo ni ahadi. Anayelitamka alitimize hadi ncha ya mwisho ya uzi, na sisi tunaolitaka tulilipie.

Kishada cha mpwa wangu kilirudishwa na bibi yake, kwa sindano na fundo, usiku ule ule. Idi mbili zimepita, na kanzu imefuliwa mara nyingi. Bado kipo pale pale.

Wabillahi taufiq.