Kura, Viti na Kasoro ya Masomo Yetu

Tunapofundisha uchaguzi wa Julai 1963 tuna tabia ya kuanzia na kumalizia kwenye viti: ASP 13, ZNP na ZPPP 18. Huo ni uvivu wa uchambuzi. ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote. Wengi waligeuzwa wachache kwa sababu kura zao zilirundikana katika majimbo machache, hasa ya Unguja, na wapinzani wao wakashinda kwingine kwa tofauti ndogo.

Tena tunasahau kuuliza nani alihesabiwa mpiga kura. Mwaka 1957 mwanamke hakuwa na kura, na mwanamume alipimwa kwa umri, mali na elimu. Hapa Mbweni, ambako wamisionari waliwapa makazi watu waliotolewa utumwani, hatuhitaji mifano ya mbali. Mjukuu wa mtumwa angeipata wapi mali hiyo?

Nasi wakufunzi tumekosea. Tumewahi kufundisha kwamba majimbo yenye watu sawa yana wapiga kura sawa. Sivyo. Sensa huhesabu watoto. Daftari la wapiga kura haliwahesabu. Sensa ya 2022 ilikuta Zanzibar watu 1,889,773, karibu nusu yao Mjini Magharibi. Mhamiaji wa juzi, na Mbweni wamejaa, huingia katika hesabu hiyo kabla hajatimiza masharti ya ukaazi.

Tunapendekeza somo lianze na daftari, jimbo kwa jimbo, kabla mkufunzi hajaandika idadi ya viti ubaoni.