Kifo Ndani ya Lupango: Namna ya Kuipima Riwaya ya Mauaji

Jumba la tajiri, wageni wachache, maiti asubuhi, na muuaji ni mmoja wa waliokula pamoja jana usiku. Agatha Christie alianza hivyo mwaka 1920, katika jumba la Styles. Msomaji wa Kasapa, hapa Lubumbashi, asiseme hayo ni ya Waingereza. Lupango yenye ukuta, geti, zamu wa usiku na boyeri, nyumba ya wafanyakazi, nyuma inatosha kabisa kufia mtu.

Nikiipima riwaya ya namna hiyo, mimi kwanza hutazama ulozi. Kwetu kifo cha mwenye mali hupata maelezo kabla maiti haijaoshwa: ni shangazi, ni jirani, ni mke mdogo. Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza, alitoa kanuni zake kumi za riwaya za upelelezi mwaka 1929, na miujiza akaipiga marufuku. Kwa Lubumbashi hiyo ni kukwepa kazi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliikabili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda tuzo kabla ya kuchapishwa mwaka 1960, Bwana Ali anakutwa ameuawa palepale penye mzimu ambao watu wanauogopa. Ndipo anaitwa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Hofu ya watu haichekwi. Muuaji amejificha nyuma yake kama nyuma ya pazia. Kisima cha Giningi, kitabu chake cha mwaka 1968, kimebeba jina la mji wa wachawi wa simulizi za Visiwani, na bado jibu linatafutwa kwa akili. Basi ukisoma, uliza: nani anafaidika watu wakisema ni ulozi? Kama hakuna, mwandishi ameutia ili kupamba tu, nawe kirudishe kitabu kwa muuzaji.

Kisha watazame wafanyakazi. Mwandishi dhaifu humleta boyi afungue mlango, aweke chai, apotee. Lakini zamu ndiye anayejua gari la nani lilitoka taa zikiwa zimezimwa, na mpishi anajua sahani ipi ilirudi haijaguswa. Mpelelezi akifika nusu ya kitabu bila kuwauliza, si kwamba fumbo ni gumu, anacheleweshwa makusudi. (Mbaya zaidi ni zamu anayejua kila kitu na kuuawa usiku ule anapotaka kusema. Hiyo imechoka.)

Kuhusu mpelelezi mwenyewe sina masharti mengi. Kiko, kofia, miwani, yote sawa, mradi asipewe habari ambayo sisi tumenyimwa.

Kazi yenyewe iko kwenye vidokezo, na kidokezo bora huzaliwa na desturi ya mahali. Tuseme tajiri wa Kasapa amekufa, na simu za kwanza kwa ndugu zimepigwa saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili mjomba wa Likasi ameshaketi kwenye kilio, anakunywa chai. Likasi ni kilomita kama 120. Mwandishi hodari atamtaja katikati ya ugomvi wa viti na turubai, aseme tu kwamba aliomba sukari zaidi, kisha apite. Akiongeza kwamba njia ni ndefu, ameshatutajia muuaji.