Mjumbe Hauawi: Juu ya Maisha ya Elizabeth wa Toro

Husemwa mara nyingi ya kwamba ubalozi ni namna ya uigizaji: mtu huvaa vazi rasmi, hutamka maneno aliyopewa, na uso wake haufichui yaliyomo moyoni. Maisha ya Elizabeth wa Toro, binti wa mfalme, yatupa nafasi ya kuipima kauli hiyo.

Elizabeth alisoma sheria Cambridge, na mwaka 1965 akapokewa katika uwakili wa Uingereza, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki. Mwaka 1967 serikali ya Obote ilizifuta falme za Uganda, Toro ikiwamo. Ndipo alipokwenda ng'ambo kuonyesha mavazi, kisha akaingia katika sinema. Katika filamu ya mwaka 1971 iliyotokana na riwaya mbili za Chinua Achebe, alikuwa Clara, ambaye katika riwaya ni wa ukoo wa osu, watu waliowekwa wakfu kwa miungu na kutengwa na jamii. Binti wa ufalme uliofutwa aliigiza mwanamke aliyekataliwa kwa nasaba yake. Nafasi hii yamstahili kuliko ile ya Sheena ya mwaka 1984. Humo yeye, aliyekwisha kuwa waziri wa mambo ya nchi za nje, ni mganga amleaye yatima wa Kizungu, ili yatima huyo awe shujaa wa Afrika. Sinema hiyo ilimpunguza.

Lakini mwigizaji ana kinga: mtazamaji ajua ya kuwa maneno si yake. Balozi hana kinga hiyo. Mwaka 1974, akiwa waziri wa Idi Amin, Elizabeth aliisemea serikali iliyokuwa ikiwaua raia wake, na kusema kwamba alitumwa tu hakutoshi kumwondolea swali hilo. Mwaka huohuo Amin alimfukuza kwa kumsingizia aibu hadharani, naye hatimaye akakimbilia Kenya. Wahenga walinena, mjumbe hauawi. Methali hiyo yamlinda mjumbe na yule apelekewaye habari. Haimlindi na aliyemtuma.

Mwaka 1986 alikubali tena kutumwa, akawa balozi wa Uganda Washington, na baadaye akaiwakilisha nchi yake Nigeria, nchi ya Achebe. Alirudi kazini akijua bei yake. Kwa hiyo kauli tuliyoanza nayo yapungukiwa na jambo moja: filamu ikiisha, mwigizaji huliacha jina la kubuni palepale, balozi huondoka na jina lake mwenyewe, pamoja na yote lililoyasemea.