Kazi Inayotangulia Kidole

Tazama picha ya punda milia wa Grevy akinywa maji, iliyopigwa kutoka usawa wa kwato zake, na utajua kwamba mpiga picha hakuwa karibu. Punda huyu, ambaye Kaunti ya Isiolo ni mojawapo ya makao yake machache yaliyobaki duniani, hasogelei maji akimwona mtu amelala kando. Palikuwa na kamera tu katikati ya mawe. Mwenyewe alikuwa garini, mbali kidogo, upande ambao upepo haupeleki harufu yake majini, rimoti mkononi. Ufundi huu nauheshimu kwa sababu karibu kazi yake yote humalizika kabla kidole hakijagusa kitufe.

Huanza kwa kuijua nchi. Katika hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, kusini mwa mto Ewaso Ng'iro, njia za kwenda majini husomeka ardhini. Punda wa Grevy aliyekomaa anaweza kukaa siku kadhaa bila kunywa, ila jike anayenyonyesha hawezi kuvumilia hivyo, lazima arudi upesi. Fundi basi hutafuta nyayo ndogo zinazoandamana na kubwa, kwa kuwa penye mtoto ndipo penye tumaini la kumwona mama tena. Hupima jua la asubuhi litamulika ubavu upi. Na kwa kuwa hifadhini mtu hashuki gari apendavyo, huomba ruhusa na kuandamana na askari wa wanyamapori.

Kisha huja suala la mawimbi. Rimoti ya infraredi, kama ile ya televisheni, hutaka ielekezwe moja kwa moja kwenye kamera, na jua kali huizidi nguvu. Ya redio hupita kwenye majani, lakini ardhi na miili ya wanyama huyadhoofisha mawimbi yake. Kwa hiyo kamera hulazwa chini, na kipokezi chake huunganishwa kwa waya na kuinuliwa juu ya jiwe au tawi. Jambo dogo, lakini ndilo linaloamua kama kundi zima likisimama kati ya gari na kamera, amri itafika.

Nyuma ya lenzi hakuna jicho la kusahihisha kosa. Fundi huweka jiwe pale anapotarajia mnyama asimame, huipatanisha lenzi pana na jiwe hilo, huzima fokasi ya kujiendesha, na kuifunga kwa utepe isisogee. Huteua uwazi kama f/8 ili aliye mbele na aliye nyuma kidogo wote waonekane vizuri. Huzima milio yote inayozimika. Huifuta lenzi vumbi. Hukumbuka pia kwamba kamera iliyongoja muda mrefu husinzia. Ndiyo maana rimoti nzuri ina kitufe cha hatua mbili, ya kwanza kuiamsha, ya pili kupiga.

Mbona asiachie kihisi kifanye kazi yenyewe? Kihisi cha joto hutambua tofauti kati ya mwili wa mnyama na mazingira yake. Adhuhuri ya Isiolo, ardhi inapopata joto la kukaribiana na ngozi ya punda, tofauti hiyo hupungua na kihisi hupitwa na mengi. Mchana jicho la mtu na rimoti hushinda; usiku ni zamu ya kihisi. Mapema mwaka 2019, katika Kaunti jirani ya Laikipia, Mwingereza Will Burrard-Lucas alimpiga picha chui mweusi kwa kihisi na flashi zisizo na waya, alizozitega kando ya mapito yake. Mtu huyo ndiye aliyetengeneza BeetleCam, kigari cha kamera kinachoendeshwa kwa rimoti, alichokipeleka Tanzania mwaka 2009. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za usiku Afrika Mashariki kwa mwako wa unga wa magnesi, na mwaka 1905 kitabu chake kilionyesha wanyama ambao wengi hawakuwahi kuwaona wakiwa huru gizani. Vifaa vimebadilika. Kazi ya kukisia mnyama atapita wapi ni ileile.

Mwisho kabisa ndipo kidole. Mlio wa kwanza wa kamera inapopiga unaweza kulishtua kundi, basi fundi hasisimki kwa punda wa kwanza. Hungoja mama ashibe maji, mtoto ainue kichwa, ndipo abonyeze mara moja na kuacha. Na akiona wanyama wanasitasita, wanaikodolea macho kamera na kurudi nyuma na kiu yao, hungoja waondoke, kisha akaing'oa. Katika nchi kame, maji ni haki ya mnyama kabla picha haijawa haki ya mtu. Fundi anayerudi bila picha kwa sababu hiyo ameijua kazi yake barabara, na ndiye ningependa vijana wa Isiolo wajifunze kwake.