Kuchagua Mtama wa Kimea

Pombe ya mtama ya Dodoma na uwanda wa kati haitiwi hopsi. Utamu, ukali na rangi yake vyote hutoka kwenye nafaka, kwa hiyo mpika pombe hodari huanza kwa kukagua mtama.

Jicho hukimbilia rangi, na hapo wengi hukosea. Macia na Tegemeo ni mbegu nyeupe. Serena, iliyotoka kituo cha Serere nchini Uganda, ni ya kahawia. Lakini si kila mtama mwekundu una tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi. Punje ikwanguliwe kwa ncha ya kisu: likionekana tabaka la rangi nzito kati ya ganda na moyo, tanini ipo. Lisipoonekana, mtama huo si mkakasi hata ukiwa mwekundu namna gani.

Tanini si kasoro tupu. Ndege aina ya kwelea kwelea huupenda zaidi mtama usio nayo, na ikiwa kidogo huipa pombe ukali mzuri. Ikizidi hushika vimeng'enya vya kimea, wanga ukabaki bila kugeuka sukari. Kigezi, Uganda, mtama wa namna hiyo huchanganywa na majivu kabla ya kuoteshwa.

Hata hivyo uhai wa punje una uzito kuliko aina yake. Punje 100 zilowekwe usiku kucha, zifunikwe kwa gunia bichi. Siku ya 3 zisipungue 90 zilizochipua. Mtama uliotiwa dawa ya wadudu haufai kabisa. Wala wenye ukungu haufai, kwani unyevu wa kuoteshea huuzidisha, na sumukuvu inayotokana nao haiishi kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 sumu hiyo, ikiwa kwenye mahindi, iliua watu Dodoma na Manyara.

Kimea kilichoiva vizuri hupasuka kirahisi kikitafunwa, kikaacha unga na utamu, bila harufu ya uvundo. Vichipukizi vilivyokauka husuguliwa na kupepetwa, kwa sababu chipukizi la mtama hubeba sumu ya sayanidi.

Mtama ukiwa dhaifu, kimea cha ulezi huokoa pishi. Hutiwa kwenye uji uliokwisha kuiva na kupoa kiasi, kamwe si unaotokota, maana moto huo huua vimeng'enya.