Mti Mkavu na Watoto wa Lusenda

Mwaka 1932 Walt Disney wa Marekani alitoa filamu fupi ya michoro, «Flowers and Trees». Kazi ilianza kwa nyeusi na nyeupe. Akaamuru irudiwe kwa rangi kamili za Technicolor. Ndiyo filamu ya kwanza ya rangi hizo kuonyeshwa kwa watu. Hamna maneno ndani yake, muziki ndio unaosimulia.

Kwa hiyo twaisifu hapa Lusenda, palipopokewa wakimbizi wa Burundi tangu 2015. Mtoto wa Kibembe na mwenzake wa Kirundi wataielewa sawasawa. Mwenye kuwaonyesha anyamaze, auache muziki useme!

Lakini lawama moja tunayo. Miti inayopendana ni michanga, ya kijani. Mti mzee, mkavu, wa kijivu, ndio unaowasha moto msituni. Rangi yauhukumu kabla haujatenda neno. Nasi twajua jinsi vikongwe wanavyoitwa wachawi kwa sababu ya sura tu.

Basi, mzazi, filamu ikiisha umwulize mwanao: kosa la mti ule lilikuwa uzee, au moto? Akijibu «moto», ametazama vema.